Uzee, Kiharusi na Hukumu ya "Asiyetarajiwa Kupona": Historia Fupi ya Tiba ya Utengamao

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu na mvi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), pamoja na Aali zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Miongoni mwa maswali ambayo maimamu wetu huulizwa mara kwa mara ni haya: Baba yetu amepooza upande mmoja, je, tumlipie fidia ya Ramadhani? Mama yetu amevunjika nyonga na hatoki kitandani, je, tumtafute mtu wa kumhijia? Mzee wetu amezoea kuswali juu ya kiti, je, swala yake inasihi? Haya huonekana ni maswali ya fiqhi peke yake. Lakini ukiyatazama vizuri utaona kuwa ndani ya kila moja mna swali jingine, nalo ni la kitabibu: Je, mtu huyu anatarajiwa kupata nafuu au hatarajiwi? Maulamaa wetu wamejenga hukumu nyingi juu ya jawabu la swali hilo. Na jawabu lenyewe, ndugu msomaji, halikubaki mahali pamoja katika historia. Aliyehesabiwa kuwa hana matumaini miaka mia iliyopita, leo huenda akatembea kwa fimbo baada ya miezi mitatu.

Makala haya yanakusudia kueleza safari ya elimu iitwayo tiba ya utengamao, yaani ile tiba ambayo kazi yake si kuua maradhi bali ni kumrudishia mtu uwezo wa kutumia viungo vyake: kukaa, kusimama, kutembea, kula na kujisitiri mwenyewe. Tutatazama ilivyokuwa katika zama za Waislamu wa mwanzo, ilivyokuja kugeuka katika karne ya 20 kutoka kwa askari vijana hadi kwa wazee, kisha tutarejea katika hukumu zetu ili tuone yatupasayo.

Uzee si maradhi, lakini mzee huugua

Msingi wa mlango huu ni Hadithi mashuhuri ya Usama bin Shariik (RA), iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni ukongwe.

Wapo watu waliolifahamu neno hili kinyume. Wamedhani kuwa kwa vile ukongwe hauna dawa, basi kila limpatalo mzee halina dawa. Akianguka husema ni uzee. Akiacha kutembea husema ni uzee. Ufahamu huu si sahihi. Kilichovuliwa katika Hadithi ni ukongwe wenyewe, yaani kwenda kwa umri ambako hakuna awezaye kukurudisha. Ama maradhi yanayompata mtu akiwa mzee, kama kiharusi, kuvunjika mifupa, maumivu ya magoti na mtoto wa jicho, hayo ni maradhi kama maradhi mengine, nayo yanaingia katika amri ya kujitibu.

Qur'ani Tukufu nayo imetufunza hali hii. Katika Suratur-Rum, aya ya 54, Allah (SW) ametaja daraja tatu za mwanadamu: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Katika Suratun-Nahl, aya ya 70, ametaja wanaorudishwa kwenye umri dhalili. Na imesihi kuwa Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Mtu hujikinga na jambo ambalo ana khofu nalo, na atakayejikinga kwa dua hana budi afuatishe dua yake kwa sababu.

Waislamu wa mwanzo na wenye udhaifu wa viungo

Tukiangalia sera ya Mtume (SAW) na Masahaba, tunaona kuwa mgonjwa na dhaifu hakuwekwa kando ya jamii. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (RA) kwamba katika zama zao mtu aliweza kuletwa msikitini akiegemezwa baina ya watu wawili mpaka asimamishwe katika safu. Na Mtume (SAW) mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho alitoka kwenda kuswali akiwa baina ya watu wawili, na miguu yake ikiburura chini. Watu hao wawili ndio waliokuwa nyenzo ya kutembelea, kama fimbo na magongo yalivyo nyenzo leo.

Katika mlango wa viungo vya bandia tunayo Hadithi ya Arfaja bin As'ad (RA), aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab zama za Jahilia. Alijitengenezea pua ya fedha ikaoza na kutoa harufu, Mtume (SAW) akamuamrisha atengeneze ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Maulamaa wameitumia Hadithi hii kuwa ni dalili ya kuruhusiwa kwa mwanamume kile ambacho asili yake ni haramu kwake, pindi akikihitajia kwa kurekebisha kiungo. Basi ikiwa dhahabu imehalalishwa kwa ajili ya pua, itakuwaje mguu wa plastiki au kiti cha magurudumu?

Ama upande wa dola, Qadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 H/798) ameeleza katika Kitabul-Kharaj kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab (RA) na mzee kipofu wa Kiyahudi aliyemkuta akiomba mlangoni. Umar alimpa kutoka nyumbani kwake, kisha akamuamrisha msimamizi wa Baitul-Mali amtazame yeye na mfano wake. Na Imam at-Tabari ameeleza katika tarikh yake kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 H (705 hadi 715), aliwapa wenye ukoma posho ili wasiombe watu, na akampa kila asiyeweza kuinuka mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Huu ulikuwa ni wajibu uliobebwa na hazina ya umma, wala haukuachiwa jamaa peke yao.

Vitabu vya matabibu na mabimaristani

Katika karne ya 4 Hijria, tabibu wa Qayrawan, Ibn al-Jazzar, aliandika kitabu maalumu kuhusu tiba ya wazee na kuhifadhi afya zao, na kingine kuhusu kusahau na matibabu yake, na kingine kuhusu tiba ya mafukara na masikini. Baada yake Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 H/1037) aliweka katika juzuu ya kwanza ya al-Qanun milango juu ya mazoezi ya mwili na kukanda viungo, na sehemu mahsusi juu ya utunzaji wa wazee. Wazee, kwa mujibu wa mafunzo yake, walishwe kidogo kidogo mara nyingi, wakandwe kwa kiasi, na wasiachishwe mazoezi, bali mazoezi yapimwe kwa hali ya kila mmoja wao.

Pamoja na vitabu palikuwa na bimaristani, nazo ni hospitali zilizosimama kwa mali ya waqfu. Nuruddin Zangi alijenga yake Damascus mwaka 549 H (1154), na Sultan Qalawun akakamilisha ile ya Cairo mwaka 683 H (1284), yenye sehemu mbalimbali kwa wenye homa, wenye macho, wenye majeraha, wanaume mbali na wanawake mbali. Waqfu wa Qalawun ulihudumia hata wagonjwa waliokuwa majumbani mwao, na aliyepona alipewa nguo wakati wa kutoka.

Lakini lililo karibu zaidi na mada yetu ni lile alilolieleza mwanahistoria Abdul-Wahid al-Marrakushi kuhusu hospitali ya Marrakesh iliyojengwa na Khalifa wa Muwahhidun, Ya'qub al-Mansur (aliyetawala 1184 hadi 1199). Anaeleza kuwa mgonjwa fakiri akipona alipewa mali ya kumwezesha kuishi mpaka aweze kujitegemea. Tazama makusudio hapa. Waliojenga walijua kuwa baina ya kupona na kujitegemea pana masafa, na kwamba anayetoka kitandani siku ya leo hawezi kubeba mzigo siku ya kesho. Matabibu wetu walikuwa na jina la mtu huyo: naqih, yaani aliyeachwa na ugonjwa lakini hajarejewa na nguvu.

Hata hivyo insafu inatutaka tuseme ukweli. Tiba ya zama hizo iliweza kukanda, kulisha vizuri, kuunga mfupa na kumpa mgonjwa muda. Haikuwa na mpango kamili wa kumfundisha aliyepooza kutembea upya. Elimu hiyo ilikuja baadaye.

Wanafiqhi na ugonjwa wa kupooza

La ajabu ni kwamba wanafiqhi walikwisha kuona jambo muhimu kuhusu kiharusi ambalo watu wengi wa leo hawalioni. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277), katika Minhajut-Talibin, kitabu kisomeshwacho katika madrasa na vyuo vyetu vya pwani, alipofika katika Kitabul-Wasaya alitaja maradhi ya kuhofiwa, ambayo mwenye nayo hutiwa mipaka katika kutoa mali yake. Akataja miongoni mwake mwanzo wa falij, nayo ndiyo kupooza upande. Hakuitaja falij moja kwa moja, ametaja mwanzo wake tu. Na washereheshaji wakabainisha kuwa ikiendelea huwa haihofiwi tena, kwa kuwa mtu huweza kuishi nayo muda mrefu.

Maana yake ni kwamba, kwa wanafiqhi, mwenye kupooza akishavuka siku za mwanzo si maiti anayengojewa. Ni mtu hai, mwenye mali yake, kauli yake na miaka mbele yake. Swali lililobaki ni hili: miaka hiyo ataiishi vipi?

Kutoka kwa askari hadi kwa wazee

Katika nchi za Magharibi tiba ya utengamao ilikua kwa sababu ya vita. Vita Kuu ya kwanza (1914 hadi 1918) na ya pili (1939 hadi 1945) ziliacha vijana wengi waliokatika viungo au kuvunjika uti wa mgongo, na dola zikataka warejee kazini. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, akiwatibu askari waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, watu ambao hapo kabla wengi wao walikufa kwa vidonda na maambukizo ya mkojo. Aliwageuza kitandani kwa saa maalumu, akawafanyisha mazoezi, na mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya michezo. Katika miaka hiyo hiyo ugonjwa wa polio uliwapa wataalamu kazi nyingine kwa watoto, mpaka chanjo ilipopatikana mwaka 1955.

Mzee hakuwa katika hesabu. Kijana alirudishwa kazini na mtoto alirudishwa shule, lakini mzee arudishwe wapi? Ndivyo walivyofikiri wengi. Wazee mafukara wa Uingereza waliishia katika nyumba za masikini zilizoenea chini ya sheria ya mwaka 1834, na humo mgonjwa wa muda mrefu aliwekwa kitandani, akalishwa, akasafishwa, na hapo ndipo palikuwa mwisho wake.

Aliyeligeuza jambo hili ni daktari mwanamke aitwaye Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali yake ya West Middlesex, karibu na London, ilikabidhiwa wadi za nyumba ya masikini iliyokuwa jirani, na yeye akajikuta na wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee waliolala miaka. Hakuleta dawa mpya. Alichofanya ni kumkagua kila mmoja peke yake na kuuliza: huyu ana maradhi gani hasa, na kwa nini amelala? Aliwatenganisha kwa hali zao, akabadilisha vitanda, akaweka vishikio, akawaamsha, akawavisha nguo zao na viatu vyao, akawafanyisha mazoezi. Wengi waliodhaniwa hawainuki waliinuka, na baadhi yao wakarejea majumbani. Alichapisha maoni yake mwaka 1943 na 1946, na kutokana na kazi yake ukazaliwa udaktari wa wazee kuwa fani inayojitegemea.

Mwaka 1947 daktari mwingine wa Uingereza, Richard Asher, aliandika juu ya hatari za kulala kitandani. Alieleza namna kitanda chenyewe kinavyomdhuru mgonjwa: damu huganda miguuni, mapafu hujaa, misuli hunywea, viungo hukakamaa, mifupa hupungua nguvu, ngozi huoza, na mtu huvunjika moyo. Yale ambayo jamaa wa mgonjwa huyaita dalili za uzee, mengi yake ni dalili za kitanda.

Kisha mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel walichapisha huko Marekani kipimo cha mambo kumi, ambacho mpaka leo kinatumika duniani. Kinauliza kama mgonjwa anaweza kula, kuoga, kujitengeneza uso na nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Mwanafunzi wa fiqhi akiisoma orodha hii ataona jambo analolijua. Kuoga, kujisitiri, kuzuia haja na kujisafisha ni milango ya mwanzo ya vitabu vyetu: istinjaa, udhu, josho na kusitiri utupu. Basi anayemrudishia mzee uwezo wa mambo haya amemrudishia pia sehemu ya ibada yake.

Mfano wa Japani

Taifa lililolazimika kulifikiri jambo hili kuliko mengine ni Japani. Mwaka 1970 watu wake wenye miaka 65 na zaidi walifikia asilimia 7. Kufikia mwaka 1994 walikuwa asilimia 14, na mwaka 2007 wamepita asilimia 21. Sasa wanakaribia watatu katika kila watu kumi. Kwa muda mrefu wazee wengi wa huko waliokuwa hawana wa kuwatazama walilazwa hospitali miezi na miaka, mpaka Wajapani wakawa na jina la mzee wa namna hii, netakiri, yaani aliyelala moja kwa moja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kampeni ya kupunguza hali hiyo.

Mwaka 2000 yalitokea mambo mawili. La kwanza ni bima ya matunzo ya wazee, ambayo kila mkaazi aliyefika miaka 40 huchangia, na mzee akidhoofika hupimwa kiwango cha haja yake kisha hupewa huduma. La pili ni wadi maalumu za utengamao kwa ambao hatari ya ugonjwa imekwisha lakini nguvu hazijarudi. Aliyepatwa na kiharusi huweza kukaa humo hadi siku 150, na mwenye hali nzito hadi siku 180, akifanya mazoezi kila siku. Huyu ndiye yule naqih wa matabibu wetu, aliyewekewa nyumba yake.

Wala tusidhani mfano huo hauna taabu. Wahudumu hawatoshi, gharama zinapanda, na wapo wazee waliohudumiwa mwili wakakosa mtu wa kuzungumza naye. Allah (SW) ametuusia katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, kauli njema na bawa la unyenyekevu kwa wazazi, na hilo halitolewi na bima yoyote.

Hali yetu Afrika Mashariki

Mtu anaweza kusema: sisi ni jamii ya vijana, haya yanatuhusu nini? Ni kweli kuwa Tanzania wenye miaka 60 na zaidi ni zaidi kidogo tu ya asilimia 5 ya watu. Lakini kiharusi hakingoji hesabu hizo. Utafiti uliofanywa baina ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulionyesha kuwa kiharusi ni kingi, na kwamba kiwango cha Dar es Salaam kilipita kile cha nchi nyingi tajiri, shinikizo la damu lisilotibiwa likiwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingefaidika na tiba ya utengamao. Mwezi wa Mei 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuitia tiba hii katika mifumo ya afya ya nchi zote.

Kwetu pia kuna mwanzo mwema. Pale KCMC Moshi kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliofika miaka 70, ikianza na shilingi 20,000, bila kuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa. Hata hivyo wataalamu wa mazoezi ya viungo ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utengamao wa mzee wetu itafanyika nyumbani, mikononi mwa watoto wake, na hapo ndipo elimu ya imamu inapohitajika.

Tunachojifunza katika hukumu

Kwanza, kuhusu swala. Msingi ni Hadithi ya Imran bin Husayn (RA) katika Sahih al-Bukhari, kwamba mtu aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Na maulamaa wetu wa Kishafii wameitanua kwa undani. Ambaye mgongo wake umepinda kwa uzee hata akawa kama aliyerukuu, husimama hivyo hivyo na kuzidisha kuinama akiweza. Anayeweza kusimama lakini hawezi kurukuu na kusujudu, husimama, kisha hufanya mengine kwa kadiri ya uwezo. Asiyeweza kuinuka ila kwa msaidizi, inamlazimu atumie msaidizi, hata kwa ujira wa kawaida akiwa nao. Na aliyeanza kwa kukaa kisha akapata nguvu katikati ya swala, inamlazimu asimame. Haya yote ni katika swala ya faradhi. Kanuni yao ni kuwa linalowezekana haliondoki kwa sababu ya lile lisilowezekana. Kwa hiyo mzee anayeweza kusimama akae kwenye kiti wakati wa kusujudu tu, wala asikae tangu takbira mpaka salamu kwa sababu ya mazoea. Kufuata hukumu hii ni ibada, na ni mazoezi ambayo mtaalamu yeyote wa viungo angemwamrisha mara tano kwa siku.

Pili, kuhusu saumu. Mgonjwa anayetarajiwa kupona hana fidia, bali hungoja na kulipa siku. Fidia ni ya mzee asiyeweza na mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wanaoharakisha kumlipia fidia mtu aliyepata kiharusi mwezi wa Shaaban wamemhukumia kukata tamaa kabla ya wakati wake. Ama aliyehesabiwa hivyo kwa haki, akatoa fidia, kisha akapata nguvu, kauli sahihi zaidi kwa Mashafii ni kuwa halazimiki kulipa, kwa kuwa aliambiwa atoe fidia tangu mwanzo.

Tatu, kuhusu Hija. Katika Hadithi ya mwanamke wa Khath'am, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimruhusu amhijie baba yake mzee asiyeweza kutulia juu ya kipando. Lakini hapa hukumu ni tofauti na saumu. Aliyehijiwa kwa kudhaniwa hatarajiwi kupona, kisha akapona, kauli sahihi zaidi kwa Mashafii ni kuwa Hija ile haimtoshelezi na itamlazimu ahiji mwenyewe. Mahanbali wamesema inamtosheleza. Tazama basi namna pupa ya kukata tamaa inavyoweza kupoteza mali na kuacha faradhi shingoni.

Nne, nani anayesema kuwa mtu hatarajiwi kupona? Si jirani, wala si mtoto aliyechoka, wala si imamu kwa kumtazama mgonjwa mara moja. Wanafiqhi wamelirejesha jambo hili kwa tabibu mjuzi na muaminifu, au kwa tajriba ya mtu mwenyewe. Na tabibu wa leo, kabla ya kusema neno hilo kwa mwenye kiharusi, humpa muda wa mazoezi, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo miezi ya nafuu kubwa. Basi imamu akiulizwa, naye aulize: mgonjwa amepelekwa kwa mtaalamu wa viungo? Amefanyishwa mazoezi muda gani? Akishajibiwa ndipo atoe hukumu.

Tano, kuhusu wema kwa wazazi. Wapo watoto wanaodhani kuwa wema ni kumfanyia mzazi kila kitu: kumlisha hali mkono wake unaweza, kumbeba hali mguu wake unaweza, kumkataza jikoni na shamba kwa kumhurumia. Nia zao ni njema, na Allah ndiye mwenye kuwalipa. Lakini kiungo kisichotumika hufa. Wema ulio bora ni kumsaidia katika lile asiloliweza na kumngojea katika lile analoliweza, hata kama kifungo kimoja cha shati kitamchukua dakika tano. Kumngojea mzee kunahitaji subira kubwa kuliko kumfanyia. Na aliye dhaifu kweli kweli, ambaye hata mtaalamu amesema basi, huyo ahudumiwe kwa upole mpaka mwisho, asisumbuliwe kwa mazoezi yasiyomfaa. Ulazima wa kila mmoja ni kwa kadiri ya wasaa wake, kama tulivyofundishwa mwishoni mwa Suratul-Baqara.

Mwisho ni juu ya waqfu. Wazee wetu wa kale waliweka waqfu kwa ajili ya naqih wa Marrakesh na mgonjwa wa Cairo aliyekuwa nyumbani kwake. Misikiti yetu mingi ina waqfu wa maduka na minazi, na mapato yake huenda kwenye rangi na mazulia. Kamati ya msikiti ikinunua magongo kumi na viti vinne vya magurudumu vya kuazimisha wagonjwa wa mtaa, ikaweka ngazi ya mteremko mlangoni na vishikio chooni na mahali pa kutawadhia, ikamlipa mtaalamu wa viungo aje siku moja kwa wiki kuwafundisha vijana namna ya kuwahudumia wazee wao, itakuwa imefufua sunna ya waqfu iliyokwisha kusahauliwa. Na yule mzee aliyeletwa baina ya watu wawili akasimamishwa katika safu atapata tena nafasi yake msikitini.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie nguvu zetu ziwe katika twaa Yake, atukinge na umri dhalili, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.